Andika Hapana, Tumalize

Tulikuwa tumefika swali la 94. Mama mmoja wa Korogocho, mikono imejaa unga wa chapati, akaniambia: "Kijana, hayo yaliyobaki andika hapana, tumalize." Nikaandika hapana.

Hicho ndicho kibarua nilichopata baada ya kuacha chuo. Tulilipwa kwa kila hojaji iliyokamilika, si kwa kila jibu la kweli. Unamuuliza mtu anayedaiwa kodi ya nyumba: wiki iliyopita mlikula mchele? Kilo ngapi? Mlinunua au mlipewa? Halafu maharagwe. Halafu unga. Kufika kwa vitunguu ameshajua mchezo: akisema ndiyo, maswali matatu yanazaliwa, akisema hapana, tunaruka. Basi vitunguu hawakula, nyanya hawakula, hata chumvi hawakula. Na beseni la nyanya liko hapo nyuma yake, naliona.

Kwenye data nyumba hiyo ina njaa. Kuna mtu ofisini ataichorea grafu.

Wasomi huita jambo hili uchovu wa mhojiwa, kana kwamba ni homa aliyojiletea mwenyewe. Lakini Jon Krosnick, msomi wa Marekani, alishaeleza mwaka wa 1991: swali likiwa gumu na mtu akiwa hana hamu, hatafuti jibu bora, anatafuta la kumtoa hapo. Anachukua la kwanza linaloelekea kufaa, anakubali kila kitu, au anasema sijui. Sasa, ugumu wa swali ni wa nani kama si wa aliyelitunga? Na usijifanye mgeni wa haya. Ile fomu ya projekti ya rafiki yako, ulisoma maswali yote ama ulibonyeza 3, 3, 3 hadi mwisho?

Tofauti ni kwamba wewe ulijaza moja. Korogocho na Viwandani, mitaa ya Nairobi, zimefuatiliwa na watafiti wa afya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na juu yao wanapita wanafunzi, mashirika na watu wa kura za maoni.

Na msiniambie hojaji haiwezi kupunguzwa. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2014, na tena ule wa 2022, uligawa kaya: nusu wakapewa hojaji ndefu, nusu fupi. Inawezekana. Shida ni kwamba kila mfadhili ana swali lake pendwa na hakuna anayekubali likatwe.

Ukiuliza kuhusu malipo, unaambiwa pesa zitaharibu majibu. Za nani? Mshauri analipwa, dereva analipwa, mimi nililipwa (na kwangu, kusema kweli, ziliharibu). Ni mwenye kujua jibu peke yake anayetakiwa kufanya kazi kwa moyo safi, chapati zikiungua. Mlipeni saa yake. Mkirudi, rudini na matokeo.

Swali la mwisho kabisa lilikuwa kama ana swali kwetu. Mama akafuta mikono kwenye leso.

"Wale wa mwaka jana, majibu yangu waliyapeleka wapi?"

Tableti ilikuwa na visanduku viwili tu: "Ameridhika" na "Hakuna swali". Nikabonyeza cha pili, nikatuma.