Wazee na Spana
Sisi tuliozoea kujitengenezea magari yetu tunaona uchungu. Nati tuliyokuwa tukiifungua kwa mkono mmoja sasa yatushinda, na bila miwani hatuioni vizuri, kwani baada ya miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa. Hiyo si aibu. Linalotutia hofu ni mzee mwenzetu anayeingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia tu. Ikiteleza, hata kijana hawahi kutoka, sembuse mwenye kiuno kilichokaza! Tuweke stendi imara za chuma, magurudumu yazuiwe kwa mawe. Au kazi ya chini tumpe kijana, sisi tubaki pembeni tukimwelekeza. Kumkaripia tutamkaripia, bila shaka.