Gemu Ngumu Sawa, Ila Kumcheka Anayecheza Rahisi Ni Ushamba

Kuna jamaa mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, ambaye zamani ukimtajia gemu ngumu alikuwa na jibu moja tu: "Lete." Huyu bwana alimaliza Dark Souls, ile ya 2011, kwenye PS3 ya kuazima, umeme unakatika katikati ya pambano na yeye anaanza upya bila kununa. Mtaani walimheshimu kwa hilo.

Sasa juzi kati kaandika kwenye kundi la WhatsApp la wacheza gemu wenzake kwamba ameanza God of War ya 2018, na kaiweka kwenye kiwango rahisi kuliko vyote. Weee! Alishukiwa kama mwizi wa kuku. Mmoja akamwambia, "Mzee, umezeeka." Mwingine, "Rudisha pedi bro, kalee watoto." Jamaa akajibu kwa upole: "Nalea kweli, ndo maana."

Jibu hilo lina uzito kuliko utani wote ule. Jamaa sasa ana miaka 34, watoto wawili, na kazi inayomtoa nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Muda wake wa gemu ni kama dakika 40, watoto wakishalala na mama watoto akiwa bado hajawasha tamthilia yake. Mwaka jana alijaribu Sekiro, ya 2019, gemu ambayo haina kabisa sehemu ya kupunguza ugumu. Wiki mbili nzima, bosi yuleyule! Gemu za aina hii zinataka ufe, ujifunze, ufe tena, mpaka vidole vizoee. Ukicheza dakika 40 leo halafu ukarudi baada ya siku tatu, vidole vimeshasahau na unaanza moja. Kijana wa miaka 19 aliye likizo hawezi kulielewa hilo, na si kosa lake. Ana muda.

Halafu kuna historia ambayo wengi hawaijui. Ugumu wa gemu za zamani haukuanza kama heshima, ulianza kama biashara. Zile mashine za kutumbukiza sarafu zilitengenezwa ufe mapema ili utumbukize nyingine. Gemu zilipohamia nyumbani, zile za kaseti, ugumu ukabaki kwa sababu gemu zenyewe zilikuwa fupi. Contra ya Nintendo ya 1988, anayeijua vizuri anaimaliza chini ya saa moja. Una maisha matatu, na risasi moja tu inakuondoa. Na wangapi waliimaliza bila ule ujanja wa kubonyeza juu, juu, chini, chini, uliokuwa unakupa maisha 30? Wakubwa wanaojisifu leo kwamba walicheza "gemu za kiume" wajibu hapo kwanza.

Hata dharau haikuanzia WhatsApp. Wolfenstein 3D, ya 1992, ukichagua kiwango cha chini kabisa ilikuonyesha shujaa kavalishwa kofia ya kitoto, ana chuchu bandia mdomoni. Yaani gemu yenyewe inakucheka kabla hujaanza.

Lakini jamaa hajazikana gemu ngumu, na hapa ndo watu wanamwelewa vibaya. Anachotofautisha ni ugumu wa haki na ugumu wa uonevu. Kwenye Dark Souls, ukitulia, unamwona adui anavyojiandaa kupiga. Ukifa unaacha roho ulizokusanya pale ulipofia, na una nafasi moja ya kurudi kuziokota. Inauma, ila unajua ulikosea wapi. Celeste, ya 2018, ni ngumu mno, lakini ukifa unarudi papo hapo mwanzo wa skrini ileile. Tena wameweka sehemu ya msaada: unaweza kupunguza kasi ya gemu, unaweza hata kuchagua usife kabisa. Na anayetaka kuteseka bado anateseka vizuri tu.

Vijana wa kundi wana hoja moja nzito, na jamaa anaikubali. Wanasema kungekuwa na kitufe cha kurahisisha, hata yeye angekikimbilia, na asingeonja ile raha. Ni kweli. Usiku alipowaangusha Ornstein na Smough, wale mabosi wawili wa Dark Souls wanaokuvamia kwa pamoja, alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kitufe kingekuwepo, angekibonyeza siku ya pili tu. Kwa hiyo waliotengeneza Sekiro bila kitufe hicho walikuwa na haki yao, na mwaka huohuo ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Elden Ring ya 2022 nayo haina kitufe, ila imeacha mlango wazi: Margit akikushinda, panda farasi, zunguka kwingine, rudi ukiwa na nguvu. Au ita roho zikusaidie kupigana. Na bado wapo wanaosema ukiita roho hujashinda!

Hapo ndipo unaona tatizo haliko kwenye gemu. Liko kwa watu.

Jamaa analijua hilo kwa sababu zamani mchekaji mkuu alikuwa yeye. Miaka minane iliyopita, rafiki yake alipata ajali ya bodaboda, vidole viwili vya mkono wa kulia vikawa havikunjiki. Siku aliporudi kwenye kibanda cha gemu akachagua kiwango rahisi. Jamaa akamwambia mbele ya watu, "Hiyo pedi mpe mtoto." Kibanda kizima kikacheka. Rafiki naye akacheka, akamalizia saa aliyolipia, akaondoka. Hakurudi tena.

Usiku ule wa kushambuliwa WhatsApp, jamaa aliitafuta namba yake akampigia. Baada ya salamu akamuuliza kama bado anacheza.

"Nacheza, mwanangu," rafiki akajibu. "Nina PS4. Niko na The Last of Us Part II, inakuruhusu kuhamisha vitufe vyote. Nimevipeleka mkono wa kushoto. Nacheza mwenyewe tu, usiku."

Gemu hiyo ya 2020 ilitoka na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wenye shida za macho, masikio na mikono. Watengenezaji walimfikiria mtu huyu bila kumjua. Rafiki zake waliomjua ndio waliomfukuza. Na yeye akazoea kucheza mwenyewe kwa miaka minane.

Kwa hiyo mnaomaliza gemu ngumu, jisifuni, ni haki yenu, mmezitolea jasho. Ladha ya mtu kubadilika si kushindwa. Maisha yamebadilika, na wakati mwingine mwili nao. Mtu akikwambia anacheza kwenye kiwango rahisi, muulize amefika wapi kwenye hadithi, mwendelee na stori.

Jamaa kamwalika rafiki yake Jumamosi hii. Wewe je, yupo uliyemcheka mpaka akaacha kuja? Namba yake bado unayo?