Mpira Mnene Haukatwi kwa Hasira

Wiki hii tunaingia bandani. Mfanyakazi mmoja wa Mwanza, ambaye wazazi wake wanaishi Nyaishozi, wilayani Karagwe, ametuletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Amewanunulia wazazi wake mkeka wa mpira wenye unene wa milimita 20, kwa ajili ya banda la ng'ombe wa maziwa. Mkeka umefika salama kwa basi. Lakini banda ni jembamba kuliko mkeka, nguzo moja imesimama mahali pasipofaa, na kijana wa nyumbani amekwisha jaribu kuukata kwa panga. Panga liliruka, mkeka ukabaki na jeraha la urefu wa kidole, na baba mtu akaamuru kazi isimame mpaka apatikane mtu anayejua. Msomaji wetu anauliza: anayejua ni nani?

Kabla ya kumjibu, hebu tuseme kwa nini swali hili si dogo. Ng'ombe anayefugwa ndani husimama na kulala juu ya sakafu ile ile usiku na mchana. Saruji iliyolowa mkojo huteleza, na ng'ombe mwenye mimba akianguka hapo, familia yaweza kupoteza kwa dakika moja kile ilichokitafuta kwa miaka. Hata asipoanguka, saruji humchubua magoti. Ng'ombe anayeona uchungu kulala hulala kidogo, na asiyelala vya kutosha maziwa yake hupungua. Kwa hiyo mkeka si anasa. Lakini mkeka uliokatwa ovyo, wenye kingo zilizochanika na mianya mipana, hugeuka kuwa mtego: samadi hujikusanya chini yake, ukingo huinuka, na kwato hunasa pale pale tulipotaka kumwokoa mnyama.

Sasa jibu. Anayejua yuko karibu kuliko msomaji wetu anavyodhani, nako ni sokoni, kwa fundi wa makatambuga. Mtu huyu hukata mpira mnene kila siku ya Mungu, bila umeme na bila kelele. Mwangalie vizuri anavyofanya kazi. Kisu chake ni kifupi na chembamba, kimenolewa mara nyingi hata kimebaki nusu ya kilivyokuwa. Kando yake pana kopo la maji na kinoo. Tairi hulikanyaga kwa mguu na kulivuta kwa mkono mmoja ili mkato uwe wazi daima mbele ya kisu. Hapigi kama mkata kuni. Huvuta kisu kwa mwendo mrefu, huchovya majini, huvuta tena. Akina ndugu wa Kenya, ambao viatu hivyo huviita akala, hufanya vivyo hivyo, na askari wa Vietnam waliopigana vita virefu wakivaa kandambili za matairi nao walitegemea ufundi wa namna hii.

Fundi huyo pia atakuuliza, kabla hajashika kisu, kama tairi ni la nailoni au la waya. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilipokuwa kikifanya kazi, kuanzia miaka ya 1970, matairi ya nailoni yalikuwa tele nchini, nayo hukatika kwa kisu. Matairi mengi ya siku hizi yana nyuzi za chuma chini ya kashata zake, na hayo huua makali ya kisu mara moja. Mikeka ya mifugo kwa kawaida haina waya. Lakini kama umenunua vipande vya mkanda wa kubebea mawe migodini, tazama kwanza ukingo wake: ndani huwa mna tabaka za kitambaa kigumu, na pengine chuma.

Kwa nini mpira ukatae panga? Utomvu wa mpira mbichi hulegea kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua kwamba ukichanganywa na kiberiti cha unga na kupashwa moto, chembechembe zake hufungamana, ukawa mpira unaonyumbuka na kurudi ulivyokuwa. Tabia hiyo ya kurudi ndiyo tunayoipenda katika tairi, na ndiyo inayotutesa tunapokata. (Wale wanaokula kisamvu cha mpira watafurahi kujua kwamba ule mti ni ndugu wa muhogo, na kwamba Wajerumani waliulima Tanga kwa ajili ya utomvu wake.) Panga likipiga mpira, mpira huinama, hulipokea pigo, kisha hulirudisha. Kisu kikizama, pande mbili za mkato hukibana kama koleo. Mtu akiongeza nguvu, mbano huongezeka pia, mpaka kisu kinachomoka kwa ghafla kuelekea pajani.

Basi tuanze kazi. Mita moja ya mraba ya mkeka wa milimita 20 ina uzito wa kilo kati ya 20 na 25. Mkeka wa mita 1.2 kwa 1.8 unakaribia mfuko wa saruji, tena haubebeki kwa urahisi kwa kuwa hulegea kila upande. Ubebwe na watu wawili, tena watu wazima. Ulazwe kivulini usiku mzima, uso chini, ili mikunjo ya safari itoke. Usipimwe juani. Mkeka wa mita 2 ukiongezewa joto la nyuzi 20 huweza kurefuka milimita 6 au zaidi, na asubuhi ya Karagwe si adhuhuri yake. Pima asubuhi kivulini, ukaache mwanya wa milimita chache kati ya mkeka na ukuta.

Chora mstari kwa chaki upande ulio laini zaidi. Weka juu yake chuma kilichonyoka au ubao mzito, na mtu aukanyage usisogee. Kisu kiwe cha fundi viatu, au kile cha kubadili nyembe, kilichonolewa asubuhi hiyo. Changanya maji na sabuni kidogo katika kopo. Mvuto wa kwanza uwe mwepesi sana, kina chake milimita 2 tu. Kazi yake ni kuandaa njia kwa mivuto itakayofuata, na ukipotoka, yote itapotoka. Kisha ingiza fito au bomba chini ya mkeka, sambamba na mstari, ili mkeka ujikunje na mkato ufumbuke wenyewe. Hapo ndipo siri ilipo. Mkato uliofumbuka haubani kisu. Mimina maji ya sabuni ndani yake, vuta kisu, rudia. Mivuto mitano au sita yatosha kwa milimita 20, na kila baada ya mivuto michache pitisha kisu kwenye kinoo. Mwisho wa mkato usivunje kwa kurarua; ndipo kingo zinapochanika.

Mkono usiokata usikae mbele ya kisu. Jambo hili kila mtu anajua na wengi husahau, hasa dakika ile ya mwisho ambapo mpira umebaki uzi mmoja.

Kuhusu ile nguzo, usipime kwa macho. Chukua karatasi ngumu ya boksi, uikate mpaka ikae sawasawa kuzunguka nguzo, kisha uifanye kigezo juu ya mkeka. Palipo na kona ya ndani, toboa kwanza tundu dogo kwa keekee, na mikato miwili ikutane tunduni. Kona kali isiyo na tundu ni mwanzo wa mpasuko, na uzito wa ng'ombe utaumalizia. Tundu katika mpira husinyaa likabaki dogo kuliko ncha iliyolitoboa, kwa hiyo tumia ncha kubwa kidogo. Kutoka shimo la nguzo hadi ukingo ulio karibu pasua mkato mmoja ulionyoka, ili mkeka uweze kuzungushwa nguzo na kujifunga wenyewe. Ile alama ya panga iliyokwisha tokea, jitahidi iangukie katika kipande kitakachotupwa. Kama haiwezekani, igeuzwe iwe upande wa ukuta, mbali na kwato.

Sasa yuko msomaji wa mjini anayesema: haya yote ya nini, nami ninao msumeno wa umeme? Kweli, mashine hupunguza jasho, hasa mikeka ikiwa mingi. Ila mpira haupitishi joto kwa urahisi. Joto la msuguano hubaki pale pale kwenye mkato. Mpira haumiminiki kama nta, bali huharibika, ukanata, ukatoa moshi wa harufu kali, ukaushika msumeno. Kwa mashine, mwendo wa polepole ndio unaofaa.

Ulio bora ni ule msumeno mdogo wenye ulimi mwembamba unaopanda na kushuka. Tafuta ulimi usio na meno, uliotengenezwa kama kisu. Usipopatikana, wenye meno makubwa yaliyoachana. Weka mwendo wa chini. Paka ulimi nta ya mshumaa, wala si maji, maana maji ya sabuni tuliyoyasifu hapo juu hayana nafasi karibu na waya wa umeme. Mkeka uegemee mbao pande zote mbili, karibu na mstari, la sivyo utacheza pamoja na msumeno na hakuna kitakachokatika. Simama kila baada ya hatua ili ulimi upoe.

Msumeno wa duara hukata mstari ulionyoka tu, nao ukibanwa huruka kumrudia mshikaji. Uachiwe seremala mzoefu. Na ile mashine ya mkononi ya kukatia vyuma, ambayo mafundi huiita grenda, mimi nashauri isiguse mpira kabisa. Huchoma badala ya kukata, hujaza banda moshi, na ikikuta waya ndani ya tairi hutoa cheche juu ya vumbi la mpira. Katika banda lililotandikwa nyasi na majani makavu ya migomba, cheche moja ni nyingi. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba ukibadili gurudumu lake ukafunga lenye meno ya kukatia mbao kazi itakuwa rahisi. Jambo hilo ni la hatari kubwa. Meno hayo yakikamatwa na mpira, mashine huchomoka mkononi ikiwa bado inazunguka.

Kwa mashine yoyote ile, macho yafunikwe kwa miwani, pua na mdomo kwa kitambaa, na glovu pana zivuliwe, kwani chombo kinachozunguka huzikamata na kuvuta mkono pamoja nazo. Watoto wakae mbali. Tunajua kwamba katika nyumba zetu mtoto ndiye anayeitwa kushika upande wa pili. Safari hii aitwe jirani.

Na jeraha likitokea? Katika banda la ng'ombe, jeraha dogo si dogo. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika samadi, navyo hupenda tundu jembamba na refu, ambalo ndilo kisu chembamba huliacha. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, bana kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, ukawaambie ulijikatia wapi na lini ulichanjwa mara ya mwisho. Usitie mafuta ya taa, wala majivu, wala udongo. Akina mama waliopata chanjo kliniki wakati wa uja uzito mara nyingi wana kinga kuliko waume zao, jambo ambalo akina baba wanaoshika kisu hawalifikirii.

Vipande vinavyobaki visiwe kuni za kukokea moto, maana moshi wa mpira ni sumu kwa mpishi na kwa mtoto aliye mgongoni. Kipande cha upana wa vidole vitatu hupigiliwa mlangoni kikawa bawaba ya banda la kuku. Vidogo huwekwa chini ya miguu ya meza isikwaruze sakafu. Kilicho kikubwa zaidi mpelekee yule fundi wa makatambuga, naye atajua cha kufanya, na huenda akakunolea kisu bila malipo.

Ukimaliza, osha mkeka wote kwa maji mengi ili utelezi wa sabuni utoke, uanike kivulini, uutandike juu ya sakafu iliyokwisha kauka, na ukaguse kingo zake kwa nyayo mahali pote kabla ng'ombe hajaingizwa.