Nani anakula mega zetu?



Juma hili niko na jambo la aibu la kuwaelezea, na lilitokea kwangu, hapa hapa Mutoshi. Tangu tulipoweka modemu nyumbani, ile ndogo yenye kadi ya simu ndani, forfe tuliyolipia mwezi mzima ilikuwa inaisha siku ya tisa au ya kumi. Mara ya kwanza nilisema ni watoto. Mara ya pili baba yao alisema ni mimi na video zangu za kwaya. Mara ya tatu tukapatana sisi wawili: ni kijana wa jirani, kwa sababu ndiye aliyekuja kutuwekea modemu, na neno la siri analijua. Tena kila jioni anakaa karibu na ukuta wa lupango yetu, telefone mkononi!

Nilienda kwa mama yake. Niliyoyasema siyaandiki hapa.

Kesho yake kijana alikuja mwenyewe, akaomba ruhusa, akapindua modemu na kunionyesha karatasi iliyobandikwa chini yake. Kuna namba, kwetu ni 192.168.1.1, kwa wengine inaweza kuwa tofauti, na neno la kuingilia. Aliandika namba ile kwenye kompyuta, pale juu panapoandikwa anwani, na modemu ikafunguka kama daftari. Ndani kuna orodha ya kila chombo kilichoshika Wi-Fi saa ile. Tulihesabu vitano: kompyuta, televisheni, telefone yangu, ya baba, ya mtoto mkubwa. Cha sita hakikuwepo.

Moyoni nilisema, amezima yake kabla ya kuja. Sijui kama aliona usoni mwangu. Aliniambia, "Mama, badilisha neno la siri, mimi natoka nje." Nikalibadilisha peke yangu. Siku tatu zikapita, na mega zikaendelea kuisha vile vile.

Hapo nilimwita tena, na nilimwita kwa sauti ya chini. Alitutuma tuzime vyombo vyote, tuache kompyuta tu, na mtu asiiguse. Kwenye ule ukurasa wa modemu kuna hesabu ya mega zinazopita. Tulikaa tukaiangalia. Inapanda! Hakuna anayefanya kitu, nayo inapanda. Kompyuta ilikuwa inajivutia programu mpya za Windows kwa siri, moja nyuma ya nyingine.

Sababu yake ni hii. Wanaotengeneza vyombo hivi wanafikiri Wi-Fi ya nyumbani hailipiwi kwa kipimo, kama ilivyo Ulaya kwenye nyumba nyingi. Kwa hiyo kazi nzito zote zinangoja Wi-Fi: programu mpya, picha kupelekwa kuhifadhiwa, WhatsApp kuvuta video zote za vikundi hata ambazo hutazifungua. Modemu zetu zinatumia mega zile zile za telefone. Chombo hakijui.

Basi kiambieni. Kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, ubonyeze jina la mtandao wako, uweke alama kwamba una kipimo. Kwenye telefone za Android kuna alama kama hiyo. WhatsApp, ingia sehemu ya hifadhi na data, utoe alama za picha, sauti na video kwa upande wa Wi-Fi. Mwezi huu forfe yetu imefika siku ya ishirini na sita.

Kwa wale ambao shida yao ni Wi-Fi kutofanya kazi kabisa: simama karibu na modemu. Telefone ikiona Wi-Fi vizuri lakini hakuna kinachofunguka, angalia kama mega zimeisha au mnara umelala. Isipoiona, basi ni modemu: zima, hesabu mpaka thelathini, washa, ungoja. Ikifanya kazi karibu na kukatika chumbani, isogeze karibu na chumba hicho, maana manjanja na matofali vinazuia mengi. Umeme ukikatika, chomoa kwenye prizi, usingoje urudi na nguvu ya kuunguza. Na lile tundu dogo la nyuma, msilichokoe kwa sindano! Linafuta kila kitu, hata neno la siri.

Kwa mama wa kijana nilienda jana jioni na sahani ya sombe. Alinipokea mlangoni, hakuniambia nikae. Nitarudi tena.

Kijana amekubali kuja kwenye mkutano wetu wa siku ya posho, kuwaonyesha wanaotaka. Mje na telefone zenye chaji. Atakuja kwa ajili yenu, mimi bado tunasalimiana tu.