Ujirani na Ikulu Si Hati ya Shamba

Pemaluan ni kijiji cha tarafa ya Sepaku, mkoa wa Kalimantan Mashariki, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo. Hadi mwaka 2019 watu wachache sana nje ya mkoa huo walikuwa wamelisikia jina lake. Tarehe 26 Agosti mwaka huo, Rais Joko Widodo alitangaza kwamba makao makuu ya nchi yatahama Jakarta na kujengwa upya katika eneo linalogusa wilaya mbili, Penajam Paser Utara na Kutai Kartanegara. Sheria ilipitishwa Januari 2022, mji ukaitwa Nusantara, ukapimiwa zaidi ya hekta 250,000, na kitovu chake, yaani ikulu na wizara, kikaangukia Sepaku. Tangu hapo imeenea imani kwamba wanakijiji wa Pemaluan, Bumi Harapan na Sepaku wameokota dodo chini ya mwarobaini: barabara itafika mlangoni, bei ya ardhi itapanda, vijana watapata ajira, na umaskini utabaki hadithi.

Imani hiyo haina msingi. Barabara imefika kweli, na bei ya ardhi imepanda kweli. Lakini faida ya bei ni ya mwenye hati, na katika Sepaku wenye hati na wenye asili ya mahali hapo mara nyingi si watu wamoja.

Kabla ya kutazama hati, lipo dai jingine linaloishikilia imani hiyo, nalo ni kwamba mji ulipelekwa porini, pasipo mwenyewe. Miongoni mwa sababu alizozitaja Widodo siku ya tangazo ilikuwa kwamba serikali tayari inamiliki hekta 180,000 katika eneo hilo. Swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ni jinsi serikali ilivyozipata. Sheria ya misitu ya mwaka 1967 iliipa dola mamlaka juu ya misitu ambayo haikuwa na hatimiliki, na wakazi wa asili hawakuwahi kuandikiwa hatimiliki na mtu yeyote. Miaka michache baadaye kampuni ya ITCI, ambayo kampuni ya Marekani ya Weyerhaeuser ilikuwa mbia wake, ilipewa kibali cha kukata magogo katika msitu huo. Magogo yalipopungua ikaja mikaratusi, iliyopandwa mistari kwa mistari kwa ajili ya viwanda vya karatasi. Huo ndio “msitu” ambao wageni huonyeshwa leo wanapoambiwa kwamba Nusantara ni mji wa msituni. Watu wa kabila la Balik, jamii ndogo iliyoishi kando ya mto Sepaku na vijito vyake kabla ya kampuni zote hizo, waliendelea kulima na kuvua katikati ya vibali vya wengine. Pori lilikuwa tupu kwenye ramani tu.

Katika miaka ya 1970 serikali ilileta Sepaku familia kutoka Java chini ya mpango wa kuhamisha watu kutoka visiwa vilivyojaa. Kila familia iligawiwa kiwanja na shamba, na baada ya miaka ikapewa hati. Hawa si wa kulaumiwa. Wengi walifika mikono mitupu na kufyeka kwa jembe na panga. Ila matokeo yake ni kwamba mgeni ana cheti cha ofisi ya ardhi, na mwenyeji ana kumbukumbu ya makaburi ya babu zake, miti ya matunda waliyoipanda, na pengine karatasi iliyopigwa muhuri na mwenyekiti wa kijiji. Siku mthamini wa fidia anapofika, makaburi hayahesabiwi kuwa ushahidi wa umiliki. Baadhi yamelazimika kupisha ujenzi.

Mwenye kuiamini bahati ya Pemaluan anaweza kusema: basi waende wakaandikishe. Mlango huo ulibanwa. Mapema mwaka 2022 wizara ya ardhi ilitoa waraka wa kuzuia uhamishaji wa ardhi na utoaji wa hati mpya katika eneo la mji mkuu. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri, kuwadhibiti madalali waliokuwa wamevamia Sepaku tangu tangazo la 2019. Lakini zuio liliwakuta wenye hati wakiwa na hati zao, na wasio nazo wakiwa nje ya foleni. Mwaka uliofuata sheria ya mji mkuu ikarekebishwa ili mwekezaji aweze kupewa haki ya kulima ardhi kwa miaka 95, na kuongezewa 95 mingine, jumla miaka 190. Mahakama ya Katiba ndiyo iliyokuja kuukata utaratibu huo mwaka 2025. Kwa muda wote ule, mtu ambaye angekuja na mtaji kesho aliahidiwa karibu karne mbili, na mtu ambaye ukoo wake ulikuwapo tangu jadi hakuweza kuahidiwa hata msimu mmoja wa mavuno.

Machi 2024 jambo hilo liliwekwa kwa maandishi. Wakazi wa Pemaluan walipokea barua kutoka mamlaka ya mji mkuu, zikieleza kwamba majengo yao hayalingani na mpango wa matumizi ya ardhi, na kuwapa siku saba wayabomoe. Nyumba zilikuwapo kwanza, mpango ukaja baadaye, na nyumba ndizo zikaitwa zimekosea. Kelele zilipopigwa nchi nzima barua zikaondolewa. Kuondolewa kwa barua si kutolewa kwa hati.

Maji nayo yanasema mengi. Mji unaotarajiwa kufikisha watu karibu milioni mbili ifikapo 2045 unahitaji maji mengi, kwa hiyo lilijengwa bwawa la Sepaku-Semoi, lililozinduliwa Juni 2024, na mtambo wa kuchotea maji katika mto Sepaku wenyewe. Mto huo ndio uliokuwa bomba la watu wa Balik: hapo waliogea, walifulia, walivulia samaki, na kando yake walikata majani ya nipah, ambayo wanawake huyasuka makuti ya kuezekea. Ujenzi wa mtambo uliwafungia kingo za mto walizozoea, na familia za hapo zikajikuta zinanunua maji. Kuishi hatua chache kutoka kwenye mtambo wa maji wa mji mkuu huku ukinunua maji ya kunywa ndiyo maana halisi ya ujirani huo.

Hoja ya ajira ina ukweli zaidi. Waliokuwa na nyumba barabarani walipangisha vyumba kwa wafanyakazi, wakafungua vibanda vya chakula, wakauza kahawa na vocha za simu, na wapo waliotengeneza fedha nzuri. Lakini biashara hiyo inategemea kambi za ujenzi, na kambi zinategemea bajeti. Gharama ya mji ilikadiriwa kuwa rupia trilioni 466, sehemu kubwa ikitarajiwa kutoka kwa wawekezaji. Rais Prabowo Subianto, aliyeapishwa Oktoba 2024, alitenga rupia trilioni 48.8 kwa miaka mitano hadi 2029, na lengo likawa kuifanya Nusantara “mji mkuu wa kisiasa” mwaka 2028. Kambi zikipungua, anayeuza wali kando ya barabara ndiye wa kwanza kujua.

Watetezi wa mradi hujibu kwamba Jakarta inazama. Ni kweli. Maji ya ardhini yamenyonywa kwa miongo mingi, na sehemu za kaskazini ya jiji zimedidimia vibaya. Hata hivyo wakazi zaidi ya milioni kumi wa Jakarta hawahamishiwi Sepaku. Wanaohamishwa ni watumishi na ofisi. Kuzama kwa jiji moja hakumpi mtu yeyote haki ya kuchukua shamba la mwingine bila kumtambua. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana hapa: Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu Dodoma ilivunjwa mwaka 2017, na malalamiko ya ardhi yalikuwa chanzo kikubwa.

Dawa inajulikana. Uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Indonesia wa mwaka 2013 ulisema misitu ya jamii za asili si misitu ya dola. Lakini ili haki hiyo ifanye kazi, jamii lazima kwanza itambuliwe rasmi na serikali ya eneo lake, na muswada wa kitaifa wa kuzilinda jamii hizo umezungushwa bungeni kwa zaidi ya miaka kumi. Sheria ya kuujenga mji mkuu ilipita bungeni kwa wiki chache. Hadi mwishoni mwa 2025 ule muswada mwingine ulikuwa bado haujapitishwa.