Paka Wawili Katika Kota Moja

Katika nyumba za kambini paka hafugwi kwa pambo: ndiye mlinzi wa gunia la posho. Kwa hiyo jamaa wengi hufuga wawili au watatu, wakidhani kwamba maadamu hapana kelele usiku, basi pana amani. La hasha! Uadui wa paka aghalabu ni wa kimya, na mwenye nyumba huushtukia siku aonapo mkojo juu ya godoro, akatwaa ufagio na kumpiga yuleyule aliyeonewa.

Ndugu msomaji, tazama kwanza mlangoni. Paka mwonevu hana haja ya kupigana. Hujilaza kizingitini, au katika njia iendayo jikoni, akamkodolea macho mwenzake bila kupepesa. Mgeni atasema kwamba anapumzika. Kumbe yu kazini kama askari wa zamu langoni. Mwenzake hunywea, hugeuka, hungoja. Mwishowe hushinda juu ya kabati, hula kwa pupa akitazama nyuma, na haja zake huzimaliza popote apatapo usalama. Kula pamoja si ushahidi wa urafiki, kwani njaa huwakutanisha hata mahasimu. Marafiki hulambana, hulala wakigusana, na katika mchezo hupokezana kukimbiza na kukimbizwa, kucha zikiwa zimefichwa.

Wako wasemao kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, wakaishia hapo. Ni kweli kwamba paka wa nyumbani ni uzao wa paka mwitu awindaye peke yake, ambaye angali yupo katika mbuga za Afrika, na kugawana kisahani si tabia yake. Basi asilazimishwe! Kila paka na apewe kisahani chake na maji yake, mahali wasipoonana. Masanduku ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja, wala yasipangwe pamoja, maana mwonevu mmoja aweza kuyalinda yote. Kota ni ndogo, twajua. Lakini rafu moja ukutani humpa mnyonge pa kukimbilia. Dume akihasiwa na daktari wa mifugo, ugomvi na tabia ya kurusha mkojo ukutani hupungua sana.

Wakishapigana, watenganishwe siku kadhaa, wabadilishane vitambaa vya kulalia ili wazoee harufu, kisha walishwe pande mbili za mlango uliofungwa. Usitie mkono kati yao, watupie blanketi. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo, kwani kichaa cha mbwa huwapata paka pia.

Jambo moja halingoji. Hofu ya kila siku huweza kumletea paka maradhi ya kibofu. Dume achuchumaaye mara kwa mara bila kutoa mkojo huenda njia yake imeziba, naye aweza kufa katika siku moja au mbili. Apelekwe kwa daktari wa mifugo saa ileile.