Mtihani wa Lugha Mlangoni mwa Ndoa

Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu hadi kwenye chumba cha mtihani jijini Nairobi kwa mara ya pili. Hakuwa akitafuta shahada wala ajira. Alikuwa akitafuta idhini ya kuishi na mumewe.

Mpwa wangu huyu ni mzaliwa wa Ukunda. Mwaka juzi alifunga ndoa ya kiserikali na raia wa Ujerumani, nasi wazee wake tukashuhudia. Bwana akarejea kwao kazini, mke akabaki akisubiri viza. Ndipo tulipofahamishwa kwamba hati ya ndoa pekee haitoshi. Tangu Agosti 2007, sheria ya Ujerumani humtaka mke au mume atokaye katika nchi kama yetu athibitishe, kabla ya kusafiri, kwamba anakimudu Kijerumani katika kiwango cha kwanza kiitwacho A1. Mtahiniwa husikiliza, husoma, huandika na huzungumza. Asiyefikisha alama 60 kati ya 100 hurudi alikotoka. Mara ya kwanza mpwa wangu alipata 54.

Huenda msomaji akauliza, je, kuna ubaya gani mtu kujifunza lugha ya nchi anayokwenda kuishi? Hakuna. Mimi mwenyewe ni mwalimu wa isimu, na ningekuwa mtu wa mwisho kumzuia mwenzangu asijifunze lugha yoyote. Ninachokipinga ni kuigeuza lugha kuwa komeo la mlango wa nyumba ya mtu.

Binti huyu huzungumza Kidigo, Kiswahili na Kiingereza, na Kiitaliano cha kutosha kuwahudumia wageni katika hoteli alimokuwa akifanya kazi. Kiitaliano hicho hakufundishwa na yeyote. Alikiokota mezani, sahani kwa sahani, kwa sababu alikihitaji kila siku. Hivyo ndivyo lugha inavyoingia kwa mtu mzima. Kijerumani, kinyume chake, amelazimika kukikariri sebuleni mwangu usiku kucha, mbali na kila anayekizungumza. Mswahili amezoea ngeli, lakini ngeli zetu aghalabu hujitambulisha kwa viambishi vyake: kiti, viti, mti, miti. Nomino ya Kijerumani mara nyingi haikuonyeshi jinsia yake, na huna budi kuibeba kichwani pamoja na kibainishi chake. Miezi sita jikoni kwa mama mkwe ingemfunza zaidi ya mwaka mzima wa madaftari.

Na madaftari yenyewe yana gharama. Aliacha kazi, akahamia kwetu, akalipa karo na ada ya mtihani mara mbili. Yeye ana mjomba Nairobi. Sijui niseme nini kuhusu yule aliyeishia darasa la nane kule Kwale, asiye na pa kufikia.

Sharti hili lilipowekwa, ilielezwa kwamba lingezuia ndoa za kulazimishwa na kuwasaidia wageni kuzoeana na jamii. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama sharti lingewahusu wote. Lakini lau mpwa wangu angeolewa na Mfaransa anayefanya kazi Berlin, asingeulizwa neno moja la Kijerumani, kwa kuwa sheria za Umoja wa Ulaya zingemkinga. Lau angeolewa na mhandisi Mkenya aliyepewa kule kadi ya buluu ya wataalamu, angesamehewa vilevile. Kosa lake ni kumpenda Mjerumani katika Ujerumani yake!

Mahakama zimeliona jambo hili. Septemba 2012, Mahakama ya Shirikisho ya Utawala ya Ujerumani iliamua kwamba mwenzi wa raia wa nchi hiyo aliyejitahidi kwa mwaka mmoja bila kufaulu asiendelee kufungiwa nje. Kwa hiyo nawasihi walio katika hali hii wahifadhi kila risiti ya karo na kila karatasi ya matokeo. Mnamo Julai 2014, Mahakama ya Umoja wa Ulaya nayo iliamua kwamba sharti hilo lilikiuka mapatano ya zamani na Uturuki, katika kesi ya mke wa mfanyabiashara Mturuki.

Waturuki walikuwa na mapatano ya kutegemea. Sisi je? Septemba 2024 serikali yetu ilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamaji, na viongozi wakayasifu kwa sababu ya nafasi za kazi. Ninawauliza wanaoyasimamia: mtakapoketi tena na wenzenu wa Ujerumani, mtawataja wanandoa? Kuomba kwamba mtihani ufanywe baada ya mtu kufika, badala ya kabla, si kuomba sadaka.

Matokeo ya mpwa wangu hayajatoka. Jana jioni nilimsikia akimsalimu mumewe kwa simu, kwa Kijerumani safi kabisa. Kisha wakaendelea kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yao.